Maswali Yenu: Nikisomea Zimamoto Chuo Kikuu, Ntaajiriwa na Nani?

Toleo lilopita tuligusia kozi za afya, basi tangu hapo ni maswali ya zimamoto na dharura tu yanayoingia, kumbe vijana wa Pwani wanaitaka kazi hii hivi. Yanayofanana nimeyaunganisha. Mlioniamkia, marahaba nyote.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni askari wa zimamoto wa kaunti, niko kazini miaka sasa na cheo hakisongi, kila wakitangaza nafasi ya ofisa wanataka digirii. Nimeona chuo kimoja cha Marekani kina digirii ya usimamizi wa zimamoto na huduma za dharura, mtu asoma onlaini akiwa kwake. Lakini zile yuniti nkiziangalia naona sheria, bajeti, wafanyakazi, hakuna mahali pa kuvuta mpira wa maji. Sasa hapo ntakuwa nasomea moto ama ukarani?
*Askari wa shifti ya usiku, Mombasa*

JIBU: Marahaba kaka, na pole na kukesha. Hizo yuniti umezisoma sawasawa, mpira haumo, lakini mpira wewe ushaujua, hakuna haja ulipe pesa zote hizo ufundishwe kitu unachokifanya kila wiki. Digirii hii inamtengeneza yule anayesimama kando ya gari akiamua tuingie ama tusiingie, tuite gari la pili saa hii ama tungoje, nani awatoe watu wa ghorofa ya juu, na kesho yake ni yeye anayeulizwa kwa nini aliamua vile. Nafasi ya ofisa unayoililia ndiyo hiyo.

Kule kwao kuna chuo cha taifa cha zimamoto, National Fire Academy, kiko Emmitsburg, Maryland, na wana mpango unaitwa FESHE uliopanga masomo yafanane kwenye vyuo vinavyofundisha mambo haya. Ngazi ya chini, ile ya kama miaka 2, ndiyo yenye moto wenyewe: tabia ya moto, ujenzi wa majengo, kuzuia moto, mifumo kama sprinkla na alamu, na usalama wa askari mwenyewe. Ukipanda digirii ndo unakutana na hizo zilokutisha, uongozi wa kikosi, sheria na siasa za zimamoto, usimamizi wa wafanyakazi, uchunguzi wa chanzo cha moto, kupunguza hatari mtaani kabla hakujaungua. Na kuna moja mimi naipenda, ni ya tabia za binadamu moto ukitokea: kwa nini mtu ashatoka halafu anarudi ndani kuchukua simu, kwa nini watu hukimbilia mlango waloingilia na kuna mwingine hapo ubavuni mwao. Ukishasoma hiyo huwezi tena kukaa ukumbi wa harusi bila kuangalia milango iko wapi.

Sasa chukua hiyo ya ujenzi wa majengo, wengi huiona kavu. Wewe ukiingia Mji wa Kale unajua zile kuta ni mawe ya matumbawe na chokaa, nene, moto hauzipiti upesi. Lakini sakafu za juu zimebebwa na boriti za mikoko, na boriti ikiungua pale kichwani inapoingia ukutani sakafu inashuka na kila kilicho juu yake, na wewe uko chini unamwaga maji kwenye chumba ambacho ukikitizama nje kuta zimesimama kama hakuna kitu. Nenda flati mpya za Kisauni, zege tupu, haziporomoki hivyo, ila joto na moshi vinakaa ndani na mara nyingi ngazi ni moja tu. Mtu alosoma akashika, akifika analitizama jengo kwanza ndo autizame moto. Kitabu cha Mmarekani hakitakwambia habari ya boriti, yeye sana sana anaandika nyumba za mbao, kwa hivyo kazi ya kuyaleta nyumbani ni yako, na nakushauri kila asaimenti wakikuachia uchague mada andika Mombasa, usiandike Chicago ambayo hujaiona.

Halafu kuna mfumo wa uongozi wa tukio, wenyewe wanauita ICS. Ulizaliwa California baada ya mioto ya msituni ya 1970, idara nyingi zilifika kila moja na bosi wake na redio yake na lugha yake, hawaskizani. Wakakaa wakapanga: kamanda, chini yake operesheni, mipango, ugavi na fedha, na mtu mmoja asisimamie zaidi ya watu 7, 5 ndo afadhali. Unakumbuka Septemba 2019, gari lilipoteleza kutoka kwenye feri pale Likoni na mama na mtoto wake ndani, lilikaa karibu wiki 2 ndo likatolewa. Wanamaji wako, shirika la feri liko, wapiga mbizi wa kibinafsi wako, familia iko, na umati ukingoni kila mtu na rai yake. Mimi simlaumu mtu, pale kina ni kirefu na mkondo una nguvu. Lakini aliyesoma ICS anajiuliza maswali mengine kabisa: nani ndo anaongea na familia, mmoja tu, si kila mwenye maiki? Nani anaandika mzamiaji gani ameshuka saa ngapi na sehemu gani ishatafutwa tayari? Huo ndo ukarani unaousema, na pasipo huo ukarani watu hutafuta mahali pamoja mara mbili.

Kuhusu pesa sasa. Kabla hujatuma hata shilingi, hakikisha chuo kina ithibati inayotambuliwa na idara ya elimu ya Marekani, halafu uliza CUE, tume ya elimu ya vyuo vikuu, na KNQA, mamlaka ya kutambua vyeti, kama cheti chake kitatambulika hapa, halafu nenda bodi ya ajira ya kaunti yako uwaulize kwa maandishi kama watakihesabu kwenye kupandisha cheo. Zimamoto ni kazi ya kaunti, katiba ya 2010 imesema hivo kwenye Jedwali la Nne, kwa hivyo jibu la kaunti yako ndo litakulisha, jibu la yule ajenti wa chuo halikulishi. Na chuo kikikwambia utapata digirii miezi 6 kwa sababu una uzoefu wa maisha, hao wanauza makaratasi, kimbia.

SWALI: Mwalimu, binti yangu kamaliza Form Four kapata C plain. Nilimtakia ualimu lakini yeye kashikilia zimamoto ama ambulensi, hasikii la mtu. Babake asema hio ni kazi ya wanaume. Ataenda chuo gani na mimi nimwambie nini mzee?
*Mama wa Likoni*

JIBU: Mama, kwa C plain digirii moja kwa moja haipo, mlango wa KUCCPS, wale wanaogawa nafasi za vyuo, kwa digirii ni C+ kwenda juu. Diploma anaingia bila shida, C- yatosha kwa nyingi, akimaliza apande digirii kutoka pale, wengi wamepita njia hiyo na sioni aibu yake, tena mimi naona mtoto aliyepita diploma hufika chuo kikuu mikono ishazoea kazi.

Ambulensi ndiyo rahisi kuanza nayo. KMTC, chuo cha utabibu cha serikali, inafundisha utabibu wa dharura, ile kozi ya EMT, aangalie masharti ya masomo kwenye tangazo lao manake wao hawaangalii gredi ya jumla peke yake. Na sisi tuna bahati ya bahari, kuna Bandari Maritime Academy hapa hapa Mombasa, mabaharia wote lazima wafanye mafunzo ya usalama ya STCW, ule mkataba wa kimataifa wa mabaharia, ambayo ndani yake mna kuzima moto, kujiokoa majini na huduma ya kwanza. Ni kozi fupi, haimfanyi kuwa ofisa wa zimamoto, lakini ataingia chumba chenye moshi wa kweli na atajua mwenyewe kama moyo wake unaitaka kazi hii ama aliipenda kwa TV. Bora ajue mapema, kabla hamjauza kitu.

Siku akifika digirii, hapa kwetu jina linalotajwa sana ni Masinde Muliro kule Kakamega, wana skuli nzima ya usimamizi wa maafa na misaada ya kibinadamu. Ajue tu kwamba pale ni maafa kwa upana wake, mafuriko, ukame, wakimbizi, hata diplomasia, si moto peke yake. Akitaka moto kwa kina atafute uhandisi, mitambo ama majengo, Technical University of Mombasa pale Tudor wanazo hizo, halafu aje ajikite kwenye kinga ya moto baadaye. Hapo katikati ajitolee Red Cross, wana tawi hapa, atafunzwa huduma ya kwanza na atajulikana.

Na mzee mwambie hivi: ile mitungi ya hewa wanayobeba mgongoni ikiwa na vifaa vyake ni kilo 10 na zaidi, ongeza koti, buti na helmeti, mzigo kweli, na wanawake wanaubeba. Kuna mtihani wa mwili, atafanya kama wengine, akishindwa ashindwe hapo uwanjani na si sebuleni kwenu.

SWALI: Hesabu kwangu ni sumu. Naskia usimamizi wa dharura ni maneno maneno tu, ni kweli?
*Kijana wa Changamwe*

JIBU: Si kweli, na aliyekwambia hivo hajafika semesta ya pili. Lakini hesabu zenyewe si za kutisha. Silinda ya hewa ya lita 6 iliyojazwa baa 300 (baa ni kipimo cha shinikizo), zidisha, ina lita 1,800 za hewa. Ukipumua lita 40 kwa dakika, dakika 45. Sasa panda ngazi na mpira begani, joto limekupiga na roho iko juu, unaweza kupumua mara mbili ya hapo, ile 45 ishakuwa 22, na hujatoa hewa ya kurudia nje. Ukiwa ofisa wewe ndo unayeshika saa kule nje, wenzako ndani wanategemea hesabu yako.

Ama maji: kila mita 10 unazopandisha maji unapoteza kama baa 1. Jengo la mita 30 ushapoteza baa 3 kabla hata hujahesabu msuguano ndani ya mpira. Gari likiwa na lita 5,000 na unatoa lita 500 kwa dakika, una dakika 10, basi, na kama haidranti, lile bomba la zimamoto la barabarani, ya karibu haina maji hiyo dakika ya kumi ulitakiwa uwe ushaipangia tangu dakika ya kwanza. Ni kuzidisha na kugawanya tu hapo. Fizikia kidogo na kemia kidogo vitakuja, takwimu pia, kaa na mwenzako anayezijua mtafika.

SWALI: Nasimamia usalama kwenye hoteli ya ufuoni huku Bamburi. Bosi ataka nisome kozi fupi ya moto badala ya digirii, mimi nataka digirii. Nani yuko sawa?
*Ofisa wa usalama*

JIBU: Bosi. Kwa sasa hivi bosi yuko sawa, usinune.

Kanuni za kupunguza hatari ya moto za 2007 zinadai mahali pa kazi pafanyiwe ukaguzi wa usalama wa moto kila mwaka, zoezi la kutoka jengoni angalau mara moja kila miezi 12 na liandikwe, na kuwe na timu ya kuzima moto ilofunzwa. Uko nazo zote hizo? Kama huna, mambo hayo hayawezi kungoja digirii ya miaka 4. Wewe una makuti juu ya vichwa vya wageni. Makuti yamepangwa ili maji yateleze yaende chini, hiyo ndo kazi yake mvua ikinyesha, basi na maji ya zimamoto ukiyapiga kutoka juu yanateleza vilevile na moto unaendelea kutambaa kwa ndani. Wanaojua huwahi mbele ya moto wakakata na kuyavua makuti, uwekwe mwanya usipite. Je panga na kulabu za kuvulia ziko wapi hotelini kwako, na nani ana ufunguo wa stoo hiyo saa 8 usiku?

Jikoni ndo usiseme. Mafuta ya kukaangia yakishika moto mtu akayamwagia maji, yale maji yanageuka mvuke ghafla na mvuke unachukua nafasi kama mara 1,700 ya maji yenyewe, unayarusha mafuta yanayowaka mpaka dari. Kila mpishi ajue: zima gesi, funika, na kizimamoto cha mafuta ya kupikia kiwepo karibu na mlango, si nyuma ya jiko.

Ukija kuanza digirii, na uanze, ntakutahadharisha jambo moja linalowachanganya wanaosomea vitabu vya Marekani. Wao moto wa mafuta ya kupikia wanauita daraja K, sisi tunaofuata mtindo wa Uingereza ni F. Mbaya zaidi daraja C, kwao ni moto wa umeme, kwetu ni wa gesi. Sasa wewe ujaze mtihani wao kwa majibu yao halafu uje ununue vizimamoto vya hoteli kwa lebo za kwao, utaweka kitu sicho mahali sicho. Yajue yote mawili na uandike ukutani yale yanayolingana na vizimamoto ulivonavyo.

SWALI: Mwalimu, nasomea usimamizi wa maafa mwaka wa nne, natafuta mada ya projekti. Supavaiza asema mada yangu "Athari za moto nchini Kenya" ni pana mno. Nisaidie, nyumbani ni Mombasa.
*Mwanafunzi, likizoni*

JIBU: Supavaiza amekuonea huruma, hiyo si mada, hiyo ni kabati la vitabu.

Nna mbili. Ya kwanza ni Mji wa Kale: chagua vichochoro kadhaa, angalia gari la zimamoto linaishia wapi, kisha pima kwa miguu kutoka hapo mpaka mlango wa mbali kabisa. Mpira mmoja ni kama mita 20 mpaka 30, hesabu inatakiwa mingapi, kona ngapi, na wazee waishio hapo waulize moto wa zamani waliuzima vipi kabla gari halijafika. Nzuri hiyo, lakini utahitaji ushirikiano wa kikosi na unaweza kuzungushwa.

Ya pili ndo ningekusukumia, moto wa mabweni ya shule. Bombolulu Girls, huku huku kwetu Pwani, wasichana 26 walikufa Machi 1998. Kyanguli mwaka 2001 wakafa wavulana 67. Mwongozo wa usalama wa shule ukatoka 2008, uko wazi kabisa: mlango wa bweni upana usipungue futi 5 na ufunguke kwenda nje, usifungwe kwa nje wanafunzi wakiwa ndani, madirisha yasiwe na nondo, kitanda hadi kitanda mita 1.2, njia ya kupitia mita 2. Halafu Septemba 2024, Hillside Endarasha kule Nyeri, watoto 21. Miaka 16 baada ya mwongozo. Kwa hivyo swali la projekti yako lisiwe kama kanuni zipo, kanuni zipo, uliza kwa nini shule iliyo na nakala ya mwongozo kabatini bado ina nondo dirishani. Utasikia majibu ambayo hukuyatarajia, mwalimu mkuu atakwambia nondo ni za wezi, na ana haki, wezi wapo kweli, mzazi atakwambia mlango ukiachwa wazi watoto watatoroka. Hapo ndo projekti inapoanza kunoga, pale usalama mmoja unapopigana na usalama mwingine, na wewe upendekeze kitu kinachowezekana kwa pesa za shule ile, mathalani dirisha la nondo zenye bawaba linalofunguka kwa ndani bila ufunguo.

Chukua shule 3 ama 4 tu, za bweni, usijitie shule 20. Tafuta barua ya chuo na kibali cha utafiti cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, mapema, usingoje mwezi wa mwisho. Nenda na futi ya kupimia, pima mwenyewe, usikubali kuambiwa "ni kama futi tano hivi". Usiwapige picha watoto wala usitaje jina la shule kwenye ripoti, ziite A, B, C, la sivyo mwakani hakuna mwanafunzi mwingine atakayefunguliwa geti. Na ukimaliza kila shule umwachie mwalimu mkuu karatasi moja ya vipimo vyake kabla hujaondoka, aanze na kile cha bei rahisi.